Mgongo wa Mgombea

Karani Dominique alijaliwa sauti ya mhubiri, kisha mtu asiye na huruma akampa kazi ya dirishani. Habari uliyomwambia kwa kunong'ona, yeye aliijibu mpaka ikawafikia wauza ndizi barabarani. Ndiyo maana Jumatatu ile ya mwaka 1959, Marcellin alipokwenda kudai cheti chake cha mwenendo mwema, foleni yote iliyokuwa barazani mwa ofisi ilipata kujua jambo ambalo hata mke wake hakulijua.

"Marcellin! Kumbe weye ulikaa buloko?"

Watu walioegemea ukuta waliacha kuuegemea. Marcellin alisogeza uso wake karibu na nondo za dirisha.

"Punguza sauti, Dominique. Buloko gani? Nani alinifunga?"

"Sauti yangu iko na nini? Mi nasoma kitu kimeandikwa." Dominique aliweka kidole kwenye daftari kubwa. "Marcellin, mutoto wa Bulaimu, mutu wa Wamaza. Mwaka wa arobaini na ine, wakati wa vita. Aliacha shamba yake ya pamba ikamezwa na majani. Miezi mbili ya buloko, na fimbo munane siku ya kuingia. Jina njo lako, kijiji njo chako. Sasa nitaandika namna gani kama weye uko safi?"

Marcellin alikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha pamba hapo Kasongo, mtu wa suruali iliyonyooshwa na kalamu mbili mfukoni. Wabelgiji walipotangaza kwamba safari hii wenyeji wangechagua wenyewe watu wa kukaa katika baraza la mji, mtaa wake ulimtaja yeye kabla hajajitaja. Konseye, yaani diwani, walikwisha kumwita, naye aliwakataza kwa mdomo huku masikio yakifurahi. Masharti aliyajua kama sala: mgombea awe mwanamume, awe ametimiza miaka ishirini na mitano, awe amekaa mjini miezi sita, awe amelipa kodi, na awe na cheti cha mwenendo mwema. Manne aliyatimiza. La tano ndilo hilo lililokuwa likisomwa mbele ya foleni kama tangazo la harusi. Na orodha ya wagombea ilikuwa ifungwe Jumamosi saa sita mchana.

Aliyemfuata foleni alikuwa Atumani, fundi wa kushona nguo aliyekaa upande wa msikiti. Yeye pia aligombea, katika mtaa wake. Alimgusa Marcellin begani.

"Ndugu, ngoja kidogo. Niko na neno ya kukuambia juu ya ile mambo."

Marcellin hakungoja. Alidhani sasa atachekwa kwa karibu baada ya kuchekwa kwa mbali. Alivaa kofia yake, akashuka ngazi, akasukuma baiskeli bila kuipanda. Laiti angesimama dakika mbili tu, hadithi hii isingekuwapo. Lakini mtu aliyeshikwa na aibu hasikii la mnadi wala la mwadhini.

 

Nyumbani habari ilikwisha kufika, ikakaa, na kunywa maji. Emilienne alikuwa amesimama mlangoni na mikono kiunoni.

"Baba Pacifique, tangu lini nimeolewa na mufungwa?"

"Si mimi."

"Kitabu cha Serikali kinasema ni weye. Wanawake wote wa kisimani wanasema ni weye."

"Ingia ndani, Mama Pacifique. Nitakuambia."

Walikaa kwenye meza yenye kitambaa cha maua, ile waliyoinunua kwa ajili ya wageni wa maana. Marcellin alieleza huku akikunja pembe ya kitambaa. Shamba lile lilikuwa lake, ni kweli. Kila mwanamume mzima alipimiwa shamba la pamba, akitaka asitake, na lake alilipa kisogo kwa kuwa alikuwa akisoma usiku na mchana ili aingie shule ya makarani. Barua ya kupokewa ilifika, na shule ilikuwa ifunguliwe baada ya siku sita. Siku ya pili yake polisi wakaja.

"Wakati ule kitabu cha kitambulisho hakikuwa na picha," alisema. "Mimi na yaya Musafiri tunafanana. Mama akamwambia yaya: nenda weye, hauko na shule ya kupoteza."

"Na weye ulisema nini?"

"Mi nilikuwa nyuma ya nyumba."

"Sikukuuliza ulikuwa wapi."

Marcellin aliachia kitambaa. "Nilimupa kile kitabu changu. Kwa huu mukono."

Emilienne alimjua Musafiri, kaka mkubwa wa mumewe, kwa miaka kumi na mmoja. Kila alipokuja kutoka Wamaza alibeba mchele na karanga mgongoni, na kila palipokuwa na wageni mezani, yeye Emilienne alimtandikia mkeka jikoni na kumpakulia huko. Musafiri alikula, akashukuru, akasema chakula cha mjini kina chumvi ya kutosha. Sasa mambo hayo yalimrudia moja moja.

"Na mimi namukalisha jikoni," alisema. "Weye unaona, unanyamaza."

"Ningekuambia nini?"

Emilienne alikuwa mwenye haya, lakini pia alikuwa amekwisha kuwaambia wanawake wa Jumuiya ya Mama Maria kwamba siku ya kuapishwa kwa mumewe wote watavaa kitambaa kimoja. Haya na tamaa vilivutana ndani yake, na tamaa ilikuwa na mikono mirefu.

"Basi akuje aseme kweli yake," alisema mwishoni. "Kusema kweli si zambi. Atakuja, atasema ni yeye, weye utapata cheti, yeye atarudi kwake. Hatapungukiwa na kitu."

Ndivyo walivyokubaliana, na hakuna hata mmoja wao aliyemtazama mwenzake usoni.

 

Jumanne Marcellin aliomba ruhusa kazini, akadandia lori la pamba lililokwenda upande wa Kabambare, kisha akatembea nusu siku hadi Wamaza. Alimkuta kaka yake akipalilia pamba. Musafiri alitupa jembe, akamjia akichechemea kidogo kama kawaida yake, akamkumbatia na jasho lote.

"Konseye! Njo huyu! Safi, kamata jogoo!"

Jogoo alikuwa mmoja tu pale uani, na Safi, mke wa Musafiri, alimkimbiza bila kuuliza sababu. Majirani waliitwa. Musafiri aliwaambia kwamba huyu ndiye mdogo wake, yule wa kalamu, anayekwenda kukaa meza moja na Wazungu kupanga mambo ya mji. Alitoa mfukoni karata yake ya kuchagulia, kadi ya mpiga kura, iliyofungwa kwenye jani kavu la mgomba ili isilowe. Alikuwa wa kwanza kijijini kujiandikisha.

"Mi sichagui Kasongo, nitachagua huku kwetu," alieleza. "Lakini ni mambo moja. Mutu ukichagua, Bula Matari, hii Serikali ya Wazungu, anakuuliza: weye unataka nani? Hata siku moja hajakwisha kuniuliza mimi nataka nini."

Watu walicheka. Marcellin alicheka nao, akatafuna nyama ya jogoo. Alipewa firigisi, heshima ya mgeni mkubwa. Aliila. Angesema nini?

Asubuhi ndipo alipoweza kufungua mdomo, Musafiri akiwa amechuchumaa anasugua meno kwa kijiti. Alieleza yote kwa mzunguko mkubwa, dirisha, daftari, Dominique, Jumamosi. Musafiri alitema, akafuta mdomo.

"Kumbe unataka niende niseme ilikuwa ni mimi."

"Ndiyo, yaya."

"Lakini ni kweli ilikuwa ni mimi." Akacheka. "Kazi gani ndogo kama ile? Nilizani umekuja kuniomba mbuzi."

Safi hakucheka. Alikuwa akipeta mchele, akasimamisha ungo. "Shemeji, na wakimufunga tena? Alitumia jina lisilo lake."

"Hawawezi," alisema Marcellin. "Ni mambo ya zamani."

Kusema kweli hakujua kama wanaweza au hawawezi. Hakuwa ameuliza popote. Safi aliweka ungo chini, akaingia ndani kuweka makaa kwenye pasi aliyoazima kwa mwalimu. Alimnyooshea mumewe shati jeupe, lile alilofungia ndoa, lenye vifungo vinne vya rangi moja na kimoja cha rangi nyingine.

 

Ijumaa saa tatu walikuwa mbele ya Bwana Ajenti, mkubwa wa ofisi ile, Mbelgiji kijana mwenye shingo nyekundu. Dominique alisimama kando ya meza na daftari lake. Mlango uliachwa wazi kwa sababu ya joto, na barazani Atumani na wengine walikuwa wameketi kwenye benchi wakingoja zamu. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, lakini pale waoshaji walikuwa wengi mno.

"Nani alifungwa?" Ajenti aliuliza kwa Kiswahili chake cha kukatakata.

"Ni mimi, Bwana," alisema Musafiri. "Si huyu."

"Hii kitabu inasema Marcellin."

"Nilisema niko Marcellin. Lakini ni Musafiri."

Ajenti alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Walifanana kweli. Akaegemea kiti, akawa kama mtu aliyepata mchezo wa kumpitishia asubuhi.

"Fimbo munane, si ndiyo? Fimbo haijui kudanganya. Toa shimizi."

Musafiri hakuelewa mara moja. Dominique alirudia kwamba avue shati, kwa sauti ile ile. Musafiri alianza kufungua vifungo, polepole, akianzia kile cha rangi nyingine. Alikunja shati mara mbili, akatafuta pa kuliweka, asipate, akalishika kwapani. Alikuwa amekonda kuliko Marcellin alivyodhani.

"Geuka."

Akageuka. Ule mgongo Marcellin hakuwa ameuona hata mara moja kwa miaka kumi na mitano. Mtoni Musafiri alioga peke yake, na nyumbani hakukaa kifua wazi hata wakati wa jua kali. Makovu yalilala mapana kutoka begani hadi kiunoni, mengine yamepandana. Moja lilishuka nyongani, upande ule aliochechemea. Marcellin aliyatazama, akaona jinsi kalamu yake, mshahara wake na meza yake yenye kitambaa cha maua vilivyoandikwa pale.

"Hesabu," Ajenti alimwambia Dominique.

Dominique alihesabu kwa ncha ya penseli, akigusa kila kovu. "Moja. Mbili." Safari hii sauti yake ilikuwa ndogo, tena ilikuwa inataka kukatika. "Saba. Munane, Bwana."

"Sasa weye."

Marcellin alivua koti, tai, shati na singlendi. Kifungo kimoja kilidondoka, kikaviringika chini ya meza. Walisimamishwa bega kwa bega, wameupa mlango migongo, mmoja mweusi laini kama ulivyotoka tumboni mwa mama, na mwingine vile. Marcellin aliogopa kiboko maisha yake yote. Hakujua kwamba siku moja angetamani awe na kovu moja tu, hata dogo, apate kusimama nalo.

"Vizuri," alisema Ajenti. "Sasa swali moja. Weye, Marcellin. Huyu alipokwenda buloko na jina yako, weye ulijua?"

Dominique, aliyekuwa nyuma ya Ajenti, alitikisa kichwa kidogo sana, kushoto na kulia. Marcellin alielewa. Akisema alijua, naye atakuwa mdanganyifu, na cheti kimekwenda. Kaka yake alikuwa pale, umbali wa kidole, akinuka sabuni ya kipande aliyoogea kwa ajili ya siku hii. Marcellin alisikia sauti ikitoka, na alitumaini ni ya mtu mwingine.

"Sikujua, Bwana. Nilikuwa shuleni."

Musafiri aligeuza kichwa, akamtazama. Hakutazama kwa hasira. Alitazama kama mtu aliyeulizwa njia na mwenyeji wa mahali.

"Ni hivyo?" Ajenti alimuuliza.

"Ni hivyo, Bwana," alisema Musafiri. "Mudogo wangu hakujua kitu. Nilikamata kitabu chake, nikaenda."

Ajenti aliandika. Kisha akavuta karatasi nyingine iliyopigwa taipu, akaipitishia kidole, akaanza kucheka.

"Lakini Dominique, weye ulisoma hii? Mambo ya pamba haihesabiwi kwa wagombea. Wizi, ndiyo. Kuua, ndiyo. Pamba, hapana. Kama pamba inahesabiwa, nani atabaki? Huyu angepata cheti yake Jumatatu, na ile buloko na vyote."

Dominique aliangalia sakafu. "Sikufika ukurasa ule, Bwana."

"Kazi ya bure hii." Ajenti aligonga muhuri, akamsukumia Marcellin cheti. Musafiri alikuwa amekwisha kuingiza mkono mmoja kwenye shati, na aliposikia "kazi ya bure" alitabasamu, akidhani mambo yameisha. "Weye, ngoja. Pamba si kitu. Lakini kudanganya Serikali jina, huyo haiko mutu wa kuaminiwa. Sikufungi, ni zamani. Jina yako inatoka kwa kitabu cha wachaguzi. Uko na karata?"

Musafiri alitafuta mfukoni mwa shati. Alifungua jani la mgomba kwa uangalifu, kama siku zote, akatoa karata na kuiweka mezani kwa mikono miwili. Ajenti aliipasua, akaendelea na faili nyingine. Jani lilibaki mkononi mwa Musafiri, akawa hajui alipeleke wapi.

Marcellin alisimama na cheti chake. Maneno alikuwa nayo. *Bwana, nilijua. Ni mimi niliyempa kitabu.* Yalikuwa mafupi, hata mtoto angeyasema. Aliyashika mpaka wakatoka mlangoni.

Barazani Atumani aliinuka kumpisha Musafiri kwenye benchi, kwa heshima ambayo hakumpa Marcellin.

"Mimi nilifungwa juu ya pamba mara tatu," alisema taratibu. "Njo neno nilitaka kukuambia ile Jumatatu, ndugu. Na cheti nilikwisha kupewa na Bwana mwenyewe." Zamu yake ya kuandikisha jina ilipoitwa, akaingia ndani.

 

Emilienne alipoona cheti alipiga kigelegele, na wanawake watatu wakaitikia kutoka uani. Alimshika Musafiri mkono, akamkalisha mezani, kwenye kiti cha mumewe, akampakulia wali, sombe ya majani ya muhogo na samaki mzima. Musafiri alikula kidogo. Alisema chakula kina chumvi ya kutosha. Emilienne aliuliza mambo yalikwendaje, naye akamjibu yalikwenda vizuri, Wazungu wa siku hizi hawapigi. Marcellin alikuwa amesimama karibu na dirisha. Viti vingine vilikuwapo, lakini hakukaa.

Saa tisa alimsindikiza kaka yake hadi pale malori yanapopakia. Njiani watu waliokwisha kusikia habari za cheti walimpungia Marcellin, na wengine waliokwisha kusikia habari za migongo waliwatazama tu.

"Yaya," alisema Marcellin walipofika, "kesho siendi kuandikisha. Naacha."

Musafiri alikuwa amekwisha kuweka kifurushi chake juu ya magunia. Aligeuka.

"Usiache. Ukiacha, mi nimevua shimizi mbele ya watu juu ya nini?"

"Basi unisamehe."

"Kwa zile fimbo munane? Zile nilisamehe zamani. Tena hakukuwa hata kitu cha kusamehe." Alikanyaga tairi, akapanda kwa shida kwa sababu ya nyonga, akaketi akitazama chini. "Nitakuambia kitu sijaambia hata Safi. Ile siku walinilaza chini, kila fimbo nilikuwa nasema: mudogo wangu iko mbali, haoni hii. Ilinisaidia sana. Leo nilitafuta neno lile, nikakosa. Ulikuwa pale, Marcellin. Ulikuwa unaona."

Dereva alizungusha chuma cha kuwashia, injini ikakohoa, ikashika. Musafiri alishika kamba ya magunia kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akafunga vifungo vya juu vya shati lake hadi shingoni, ingawa jua lilikuwa kali.

Lori lilipokata kona, kundi la vijana wa mtaani waliokuwa wakitoka kiwandani walimwona Marcellin amesimama peke yake kando ya barabara.

"Konseye!" walimwita. "Konseye wetu!"

Marcellin akainua mkono, akaitikia.